Babu Alijenga, na Kule Kujenga Kulikuwa Vita

Kwa wakwe zangu hapa Marekani, babu mzaa mama wa mke wangu hutajwa harakaharaka: alikuwa jeshi la majini wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akapelekwa Pasifiki, akafanya kazi ya ujenzi, basi. Sifa zote huenda kwa ndugu yake aliyeshika bunduki Ulaya. Shemeji zangu nawapenda, lakini kwa hili siko nao.

Babu alikuwa katika Kikosi cha 34 cha Ujenzi, mojawapo ya vikosi vilivyojulikana kama Seabees. Vilianzishwa mapema mwaka 1942 kwa msukumo wa Admeri Ben Moreell. Muda mfupi kabla ya hapo Wajapani walikuwa wameteka kisiwa cha Marekani kiitwacho Wake, huko Pasifiki, pamoja na wajenzi raia zaidi ya 1,000, watu ambao kisheria hawakuruhusiwa kupigana. Moreell akataka mafundi wawe askari wenyewe. Waliojitolea mwanzoni, maseremala, mafundi bomba, madereva wa katapila, walikuwa watu wazima wa wastani wa miaka 37.

Tazama kilichofanyika Guadalcanal, mojawapo ya visiwa vya Solomon huko Pasifiki. Kikosi cha 6 kilifika Septemba 1942 na kukabidhiwa uwanja wa ndege wa Henderson, uliokuwa ukipigwa mabomu mara kwa mara. Uwanja ukiharibika, ndege zilizo angani hazina pa kutua, na askari walioko msituni hawana wa kuwakinga. Mafundi wakapiga hesabu ya udongo na changarawe inayotosha kujaza shimo la bomu la ratili 500, wakapakia malori mapema na kuyaweka tayari kando ya uwanja. Ndege za adui zikiondoka tu, watu wanatoka mahandakini mbio: lori linamwaga, mashine inashindilia, vipande vya chuma vyenye matundu vinapachikwa upya kimoja baada ya kingine. Dakika 40 hivi, shimo limezibwa. Anayesema hao hawakupigana, anieleze kupigana ni nini.

Mimi mtu wa Pwani matumbawe nayajua kwenye kuta za nyumba za Lamu. Kwenye kisiwa cha Tinian, huko Pasifiki, Seabees waliyavunja na kuyashindilia, na katika uwanja wa kaskazini peke yake wakapata njia nne za kurukia ndege, kila moja yenye urefu wa mita 2,600 hivi. Ndege iliyobeba bomu la Hiroshima iliruka kutoka huko Agosti 1945, na hilo nalo tusilifiche tunapowasimulia watoto.

Lakini kinachonigusa kuliko vyote ni habari ya kikosi cha Babu mwenyewe. Kilikuwa kikosi cha Wamarekani Weusi chini ya maofisa weupe. Walitumika katika visiwa vya Solomon, mabomu ya adui yakiwaangukia kama yalivyowaangukia wengine, ila kwenye kupandishwa cheo walirukwa. Wakarudishwa nyumbani, kambi ya Port Hueneme, California. Machi 1945 wanaume wapatao 1,000 wakagoma kula kwa siku mbili. Kazi hawakuiacha, zamu zao walienda na njaa yao. Uchunguzi ukafanywa, kamanda akaondolewa.

Vita vilikuwa havijaisha. Kumkabili adui, jeshi zima liko nyuma yako. Kumkabili mkubwa wako mwenyewe, ukiwa mtu mweusi ndani ya sare katika Marekani ya miaka ile, nani alikuwa nyuma yako? Mwaka 1948 Rais Truman alipotia saini amri ya usawa jeshini, watu kama hawa walikuwa wameshaidai haki hiyo kwa matumbo matupu. Mama mkwe anasema baba yake alikuwemo, na kwamba alilisema mara moja tu, akaendelea na shughuli zake.

Moto wa mwaka 1973 katika hifadhi ya kumbukumbu za wanajeshi kule St. Louis uliteketeza mamilioni ya majalada, lakini yalikuwa ya jeshi la nchi kavu na la anga. Ya jeshi la majini yalisalimika. Mke wangu ameshaomba jalada la Babu, na shemeji zangu nimewaambia: likifika, tutalisoma kwa sauti mbele ya wajukuu wote, nao wakiwepo.