Mbolea kutoka hewani: tusiikimbilie plazma, wala tusiipe kisogo

Mkulima wa mchicha katika bonde la Msimbazi hutia urea kwa vidole vitatu, kama mpishi anayeogopa kuzidisha chumvi. Ana haki. Mwaka 2022, bei ilipopaa baada ya vita vya Ukraine kuanza, serikali ililazimika kuweka ruzuku. Mbolea ya kukuzia tunayotumia nyingi hushuka melini hapa Dar, ndipo ianze safari ya lori kwenda Songea au Mbeya.

Kwa hiyo anayesema mbolea inaweza kutengenezwa palepale shambani, kwa hewa na umeme, anastahili kusikilizwa. Njia yenyewe ni plazma, yaani gesi iliyopigwa umeme hadi elektroni zikabanduka kwenye atomi. Radi ni plazma, na ndani ya tyubulaiti ya sebuleni imo plazma. Asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni, ila atomi zake hutembea mbilimbili zikiwa zimeng'ang'aniana, na mmea hauwezi kuzitenganisha. Njia ya Fritz Haber na Carl Bosch, iliyoanza kiwandani Oppau, Ujerumani, mwaka 1913, huzitenganisha kwa kichocheo, joto la nyuzi 400 hadi 500 na shinikizo kubwa mno. Kiwanda cha namna hiyo hakizimwi na kuwashwa ovyo. Mtambo wa plazma huwashwa jua likichomoza na kuzimwa likizama, kama pampu ya maji.

Hiyo ni hoja nzito. Lakini hesabu ya umeme inauma. Norwe walishajaribu: mwanafizikia Birkeland na mhandisi Eyde walianza uzalishaji Notodden mwaka 1905, wakipitisha hewa kwenye tao la umeme wa maporomoko. Tani moja ya asidi ya nitriki, malighafi ya mbolea ya nitrati, ilikula takriban uniti 15,000 (uniti ni kilowati-saa moja). Sasa chukua mfuko wa urea wa kilo 50, wenye nitrojeni kilo 23. Kwa njia yao, nitrojeni hiyo ingekula uniti kama 1,550. Familia iliyo kwenye tarifa ya chini ya TANESCO, isiyovuka uniti 75 kwa mwezi, ingeishi nazo zaidi ya miezi 20! Kiwanda kizuri cha gesi hupata amonia, yaani nitrojeni iliyoungana na haidrojeni, malighafi ya urea, yenye nitrojeni hiyohiyo kwa nishati ya uniti 225 hivi, ukihesabu na gesi yenyewe. Mitambo ya leo ya plazma imepunguza pengo, haijaliziba.

Kwa plazma, amonia ndiyo ngumu zaidi. Haidrojeni lazima itafutwe kwanza, kisha elektroni zilezile zilizosaidia kuijenga amonia huirudia na kuivunja. Nitrati, yaani nitrojeni iliyoungana na oksijeni, hazina usumbufu huo, zinataka hewa na maji tu.

Basi kwa urea ya nchi nzima, mimi nasimama na gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, ingawa najua kila tani ya amonia ya gesi huzalisha zaidi ya tani moja na nusu ya kaboni dioksidi.

Ila ingia banda la kuku Kigamboni alfajiri, kabla mapazia hayajakunjwa. Macho yanachoma, machozi yanatoka. Ile ni amonia, nitrojeni ya samadi inayopaa bure. Kampuni ya N2 Applied ya Norwe ilibuni mtambo unaopitisha hewa kwenye plazma, kisha kuiingiza kwenye samadi ya majimaji ya ng'ombe. Asidi inayopatikana huishika amonia isitoroke, na papo hapo samadi inaongezewa nitrati. Uniti moja inafanya kazi mbili.

Hapo ndipo ningetaka Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waanzie: samadi ya kuku iliyolowekwa, paneli za sola, na matuta machache ya mchicha. Wasimamie wao wenyewe, maana oksidi za nitrojeni, gesi zinazozaliwa kwenye plazma hiyo, ni sumu kwa mapafu na si kitu cha kumwachia mtu uani kwake. Wapime uniti zilizoliwa, wapime na urea iliyobaki mfukoni.