Insha Mtandaoni: Mwalimu Anaamua, Mwanafunzi Analipa

Nenda steshenari yoyote iliyo jirani na chuo hapa Mwanza ukachapishe insha. Kijana wa pale atachomeka flashi yako, na si ajabu kwenye kompyuta hiyo hiyo kukawa na asainimenti za waliotangulia, kozi ile ile, swali lile lile, kilichobadilika ni mwaka tu. Naanzia hapo kwa sababu wanaopinga kufundisha uandishi kwa simu na kompyuta huzungumza kana kwamba karatasi ilikuja na uadilifu wake. Watu walidesa, yaani walinakili kazi za wenzao, vizuri tu kabla ya simu janja.

Faida ya njia hizi ni ya kweli, na anayeibeza hajawahi kusahihisha. Kozi za stadi za mawasiliano za mwaka wa kwanza hujaza ukumbi. Chukua wanafunzi 300, kila insha uipe dakika 15: hizo ni saa 75 kwa zoezi moja. Nani anazo? Ndiyo maana insha ya karatasi mara nyingi hurudi na alama na mstari mwekundu, bila neno la kumfaa mwandishi, au hairudi kabisa. Kwenye hati ya pamoja ya Google Docs mwalimu anaacha maoni pembeni ya aya yenyewe, wanafunzi wanasomeana na kukosoana, na mtu anaandika rasimu ya pili akiwa bado anakumbuka alichotaka kusema. Uandishi hufundishika kwenye rasimu ya pili. Mfumo wa karatasi, kwa madarasa makubwa kama yetu, uliifuta kabisa.

Lakini hati hiyo hiyo inatunza historia. Mwalimu akitaka, anaona sentensi ipi ilifutwa, ipi iliongezwa na saa ngapi. Zamani karatasi uliyoikunja na kuitupa ilikuwa siri yako. Sisemi historia hiyo isitumike; tena inaweza kumwokoa mwanafunzi anayesingiziwa kwamba hakuandika mwenyewe. Ninachosema ni kwamba aambiwe mapema kuwa inaonekana.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni kundi la WhatsApp la darasa. Namba ya binti wa mwaka wa kwanza inakaa mbele ya mamia ya watu asiowajua, na meseji za usiku huanza wiki hiyo hiyo. Akijitoa, anakosa tangazo la tarehe ya kukusanya kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalinda taarifa za aina hii na kuzungumzia ridhaa ya mwenye nazo. Ridhaa gani, pale ambapo kukataa ni kukosa alama?

Kisha kuna walimu wanaotaka wanafunzi wachapishe makala hadharani, kwenye blogu au mitandao ya kijamii. Hoja yao ina nguvu. Mwanafunzi anayejua kwamba mvuvi wa Igombe anaweza kumsoma hukagua ukweli wa alichoandika kuliko anayemwandikia mhadhiri mmoja aliyechoka. Hata hivyo nchi hii ina historia yake. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu awe na leseni, na ada zake kwa jumla zilifika shilingi 2,100,000. Kanuni hizo zilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na za mwaka 2020, lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haijaondoka. Mpe kijana wa miaka 20 zoezi la kuandika kuhusu makokoro, nyavu za uvuvi haramu, katika mwalo ambako mjomba wake anauza dagaa, kisha mlazimishe aweke jina lake kamili: mwalimu atapata makala nzuri, kijana atabaki na ndugu na majirani wa kuwaeleza. Miaka mitano baadaye makala hiyo, pamoja na Kiingereza chake cha mwaka wa kwanza, bado inatafutika.

Suala linalonikera kuliko yote ni mashine za kugundua maandishi ya akili mnemba. ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, vyuo vilishtuka, na hofu yao ilikuwa halali: anayekabidhi insha ambayo hakuiandika hajajifunza chochote. Dawa iliyokimbiliwa na wengi ikawa programu inayotoa asilimia. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walizijaribu programu saba za aina hiyo kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya asilimia 60 ya insha hizo zilihukumiwa kuwa kazi ya mashine. Insha za watoto wa darasa la nane wa Marekani zilipita karibu zote. Programu hizi hutazama jinsi neno linalofuata lilivyo rahisi kubashiriwa, na mwenye msamiati mdogo hubashirika. Sasa mtazame aliyesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba huko Ukerewe, akaanza kukariri misemo ya Kiingereza kidato cha kwanza. Uandishi wake wa uaminifu kabisa ndio huo unaobashirika! Mwezi Agosti mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kilikizima kifaa cha namna hiyo cha Turnitin, programu ya kukagua kazi zilizonakiliwa. Asilimia kwenye skrini inaweza kumfanya mwalimu aulize swali. Kumpa mtu sifuri kwa ushahidi huo pekee ni dhuluma.

Kwa hiyo sipo na wanaotaka turudi kwenye karatasi, wala na wanaosema teknolojia haizuiliki basi tuiache ipite. Matangazo yaende kwa njia isiyoanika namba za watu. Anayetaka kuchapisha hadharani achapishe, asiyetaka akabidhi kwa mwalimu tu bila kupunguziwa alama. Kazi inayohitaji intaneti ifanyike kwenye maabara ya chuo, au ihesabiwe kwamba bando linatoka kwenye bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, lile lile la chakula. Na anayetiliwa shaka aitwe, aulizwe kuhusu insha yake kwa dakika tano. Aliyeandika hujulikana haraka.

Wakiitwa wote 300, dakika tano tano ni saa 25, na mwalimu wa muda anayelipwa kwa kipindi hana sababu ya kuzitoa bure. Chuo kinachopata fedha za kulipia leseni ya programu ya kugundua wadesaji kieleze kwa nini fedha hizo zisilipie saa hizo.