Nani Anahesabiwa Familia?

Katikati ya miaka ya 1990, mtoto akikamatwa Multnomah, wilaya ya Portland katika jimbo la Oregon, alijaziwa fomu. Kila jibu lilikuwa na alama zake, na jumla ya alama ndiyo iliyosaidia kuamua kama usiku ule atalala kwao au atalala ndani kungoja kesi. Fomu za aina hiyo huko Marekani zilizoea kupima, pamoja na mengine, kama mtoto ana familia iliyokaa vizuri.

Ukisoma haraka huoni ubaya wowote. Lakini chukua mtoto ambaye baba hayupo, mama yuko zamu ya usiku, analelewa na bibi, na shangazi anakaa nyumba ya tatu. Kwa mtu wa Tanga au Bukavu hiyo ni familia, tena ya kutosha. Kwa aliyeshika kalamu lilikuwa ni pengo, na pengo lina alama. Wana mageuzi wa Multnomah wakalibadili swali: je, yuko mtu mzima aliye tayari kuhakikisha mtoto huyu anafika mahakamani? Bibi akaingia, shangazi naye akaingia. Kigezo cha kuwa na uhusiano na genge kikaachwa, maana mtoto anayeishi mtaa wenye magenge hakosi kumjua mmoja wao. Kufikia mwaka 2000, uwezekano wa mtoto Mweusi kuwekwa mahabusu na ule wa Mzungu ulikuwa umekaribiana sana.

Nimeanza na fomu kwa sababu mjadala huu umezoea maneno makubwa. Ukitaja usawa wa rangi katika mahakama za watoto, upande wa pili unasikia kwamba unataka wahalifu wabembelezwe.

Na upande huo una hoja. Aliyeporwa gari kwa bastola hajali aliyempora ana miaka 15 au 35. Mauaji ndiyo yanayoongoza kwa kuua vijana wa kiume Weusi Marekani, kwa hiyo mama Mweusi anayetaka kijana mwenye bunduki aondolewe mtaani kwake anawalinda wanawe mwenyewe. Maryland mwaka 2022 ilizuia watoto wa chini ya miaka 13 kushtakiwa, isipokuwa kwa makosa mazito ya ukatili. Mwaka 2024 ikalegeza kamba: wa miaka 10 hadi 12 wanaweza tena kufikishwa mahakama ya watoto kwa makosa kama ya silaha. Aliyetia saini ni Wes Moore, gavana wa kwanza Mweusi wa jimbo hilo. Kwa hiyo anayesema "jamii inataka" aulizwe kwanza ni jamii ipi, maana mtaa mmoja unaweza kuwa na mama wa aliyepigwa risasi na mama wa aliyepiga.

Hadi hapo ninawaelewa. Ninapoachana nao ni kwenye hesabu.

Mwaka 2000 watoto na vijana zaidi ya laki moja walikuwa kwenye vizuizi vya Marekani kwa siku moja ya hesabu. Mwaka 2021 walikuwa takriban elfu 25. Korona ilichangia mwishoni, lakini mporomoko ulikuwa umeanza zamani. Sasa gawanya kwa rangi. Mwaka 2015, katika kila vijana Weusi 100,000, 433 walikuwa ndani, Wazungu 86. Mwaka 2021 ikawa 228 kwa 48. Anayetaka kusifu atasema tofauti imeshuka kutoka watu 347 hadi 180, na ni kweli. Hao ni watoto waliolala kwao. Lakini gawanya badala ya kutoa: mara 5 imekuwa mara 4.75. Na mwaka 2001, kabla ya mageuzi mengi haya, ilikuwa kama mara 4. Nyumba imebaki na robo ya watu wake, na bado ukigonga mlango anayefungua ni yuleyule.

Wapinzani hujibu kwamba kesi ndogo zikishaondolewa hubaki nzito, na hizo hazigawanyiki sawa kwa rangi. Kuna ukweli ndani yake. Ila jiulize kesi ndogo ziliondolewaje. Onyo la polisi, mtoto kurudishwa kwa mzazi, kupelekwa kwenye usuluhishi badala ya kortini: yote haya huamuliwa na mtu kwa busara yake, dakika chache, mara nyingi usiku. Busara hiyo ndiyo iliyokuwa ikiiona nyumba ya bibi kuwa pengo. Ukifungua mlango mwingine bila kubadilisha swali la mlangoni, wa kwanza kutoka ni wale ambao tayari walionekana wana kwao.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 2018 inayataka majimbo yawe na vyombo vya wadau vya kushauri juu ya tofauti hizi za rangi. Vizuri. Lakini kikao cha saa nne asubuhi siku ya kazi hakimpati mama wa zamu, na waraka ulioandikwa kwa lugha ya wanasheria haumpati bibi. Tena kuna wazazi wa Kikongo waliohamia Louisville au Dallas, Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani, na Kiingereza cha nyumba nzima wanacho watoto. Barua ya mahakama ikifika, baba anaishika, anaigeuza huku na huku, kisha anamwita wa kumsomea: yuleyule aliyeandikwa jina lake juu.