Ndiyo, Niliyegombana na Sauti Yangu Mubashara Ni Mimi

Mmeiona ile klipu ya mwandishi wa runinga anayefoka peke yake darajani, mubashara. Kwanza simulizi ya mpiga picha wangu kuihusu ifuteni. Sikutupa maiki. Sikumtukana mtu. Kunyoosha kidole angani nakiri, ila sijui hata yeye alikionaje, maana alikuwa amejikunja nyuma ya kamera anacheka mpaka machozi, picha nzima inatikisika kama tuko kwenye tetemeko.

Klipu ni ya kweli. Ni mimi. Na mama ameshaiona, amenipigia kuniuliza kama siku hizi napata usingizi.

Sasa wiki moja kabla ya aibu hii, kituo chetu kiliamua kutengeneza promo za waandishi, yaani vitangazo vifupi vya kutunadi. Mnazijua hizi: mtu anakunja mikono, anageuka taratibu, shati linapepea, sauti nzito inamsifia kama marehemu. Upepo ule ni feni iliyowekwa sakafuni. Ule mwendo wa kobe nao si kwamba tunageuka polepole. Kamera inachukua picha 100 kwa sekunde, kisha zinachezwa 25 kwa sekunde, basi mgeuko wa sekunde moja unakuwa wa sekunde nne, na kila mtu anaonekana ana jambo zito moyoni. Niligeuka mara kumi na moja. Mwongozaji akaniambia niangalie mbali kama mtu anayeuona ukweli unakuja. Nilikuwa naangalia mlango wa choo. Kisha wakaweka maneno: "Anasikiliza. Anapima. Ndipo anasema."

Shikeni hapo kwenye "anasikiliza".

Siku ya tukio nilitumwa darajani. Daraja lilikuwa limefungwa kwa matengenezo, linafunguliwa tena, habari ya dakika moja na nusu ambayo hata mtoto angeisoma. Tulikuwa na lile begi la mgongoni la kurushia matangazo. Ndani yake mna laini kadhaa za simu. Picha inakatwa vipande, kila laini inabeba chake, kule kituoni vinaunganishwa upya. Kazi hiyo inakula muda. Setilaiti, na umbali wake wote wa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, inakuchelewesha kama robo sekunde tu. Begi letu siku hiyo lilichelewa sekunde mbili nzuri. Ndiyo maana mwandishi akiulizwa swali anabaki anatikisa kichwa kama mjusi kabla ya kujibu. Si kwamba anatafakari. Swali linakwenda, jibu liko njiani.

Kitu kingine, na hiki ndicho kilichoniua. Sikioni unavaa kidude cha kukusikilizisha studio. Fundi sauti anatakiwa akurudishie kila kitu isipokuwa sauti yako mwenyewe. Kila kitu, toa wewe. Jioni ile mtu fulani, ambaye hatajwi kwa sababu bado ananiwashia maiki, alisahau kunitoa mimi.

Haya, sogeeni.

Dada msomaji wa taarifa akasema, "Na sasa tuungane na mwenzetu aliyeko darajani. Hali ikoje huko?"

Nikatikisa kichwa kimjusi. Nikaanza kwa madaha: "Asante sana. Hapa nilipo, daraja limefunguliwa tena kwa magari madogo..."

Sikioni ikaingia sauti: "Asante sana. Hapa nilipo..."

Nikanyamaza. Sauti yenyewe nyembamba, ya puani, kama ya mtu aliyefungiwa kwenye debe. Msinicheke bado. Sauti yako unayoisikia unapoongea inapitia pia kwenye mifupa ya fuvu, inapata besi ya bure ambayo wengine hawaisikii. Ukirudishiwa kwa njia ya simu unasikia mtu mwingine kabisa, tena duni. Mimi maisha yangu yote nimejijua nina sauti nzito. Kwa hiyo akili ikaniambia jambo moja tu: wameunganisha waandishi wawili kwa pamoja.

Nikawa muungwana. "Samahani ndugu, nadhani tumeunganishwa wawili."

Kimya. Kisha: "Samahani ndugu, nadhani tumeunganishwa wawili."

Nikafurahi jamani! Nikasema moyoni, angalau huyu kalelewa. Nikamwambia, "Basi endelea wewe."

Akajibu, "Basi endelea wewe."

Nikamsubiri aendelee. Naye akanisubiri. Tukanyamaza wote, watu wawili wenye adabu zao, huku watazamaji wakimwona mmoja tu, anatabasamu katikati ya daraja kama bwana harusi aliyefika kabla ya wageni. Mpiga picha anasema ukimya ule ulikuwa wa sekunde tisa. Kwenye runinga sekunde tisa za kimya unaweza kuoa na kuacha.

Dada akaokoa jahazi: "Mwenzetu, unatusikia?"

Hapa ndipo panaponiuma zaidi nikikumbuka. Swali nililisikia vizuri kabisa. Ila nikajua anaulizwa yule mwingine. Nikamhimiza: "Dada anakuuliza, jibu!"

Sekunde mbili. "Dada anakuuliza, jibu!"

Damu ikaanza kuchemka. "Ndugu, si nimekuachia uongee?"

"Ndugu, si nimekuachia uongee?"

"Uliniachia saa ngapi?" Kidole ndipo kilipopanda. Nilikinyoosha juu, sijui kwa nini juu, labda nilihisi anakaa kule. "Unaniiga?"

"Unaniiga?"

Chini ya skrini jina langu limeandikwa kwa herufi kubwa, na cheo: Mwandishi Mwandamizi. (Wewe uliyeikata picha hiyo ukaigeuza stika, nimekuona, na jina lako ninalijua.)

Nikavuta pumzi. Ningeacha hapo leo ningekuwa na heshima kidogo. Nikasema, taratibu, kwa msisitizo, kila neno likisikika majumbani kwa watu: "Na hiyo sauti yako ya puani, nani alikupa kazi ya utangazaji?"

Nikasubiri. Sekunde ya kwanza nilijiona nimemweza. Ya pili nikamwona mpiga picha ameinama, mabega yanaruka. Kisha sikioni, polepole, kwa msisitizo uleule, nikaulizwa nani alinipa kazi ya utangazaji.

Niliitambua kwenye neno "puani". Namna ninavyolivuta lile "a" ya mwisho, hakuna mwingine duniani anayelivuta hivyo. Uso wangu ulivyobadilika mmeuona wenyewe, mmeusimamisha, mmeukuza, mmeuandikia maneno, siwezi kuongeza kitu.

Dada akasema, "Inaonekana tuna tatizo la mawasiliano, tutarejea kwake baadaye." Hakurejea. Wakakatia kwenye mapumziko, na mnajua mapumziko hayapangwi na binadamu mwenye huruma. Orodha inaingizwa kwenye kompyuta mapema, kompyuta inacheza kilichofuata. Kilichofuata ni feni, shati linapepea, mimi nageuka kwa sekunde nne: "Anasikiliza. Anapima. Ndipo anasema."

Mengine ni mafupi. Mkuu aliniita, akaanza kufoka, akacheka, akanifukuza ofisini kwake. Fundi sauti ameomba radhi kwa kuninunulia soda mbili, "moja yako, moja ya mwenzako". Idara ya promo imekataa kuiondoa promo yangu, eti sasa ndiyo inayotazamwa kuliko zote, wameiongezea nafasi mbili asubuhi. Chumba cha habari wananisalimia "hamjambo". Nami nimeshazoea kuitika "hatujambo", kupinga ni kuongeza petroli.

Jana nimerudishwa kazini nje kwa mara ya kwanza. Kwenye majaribio nikasema, "Moja, mbili, moja, mbili." Sikioni ikanirudia, "Moja, mbili, moja, mbili." Safari hii ni makusudi, nawasikia kabisa kule chumba cha sauti wanavyojibana vicheko.

Nikamsalimia. Akanisalimia.