Wanagenzi waanzie vituoni
Nimesoma habari ya wanagenzi, yaani vijana wanaojifunza kazi kwa vitendo, kufundishwa kuandika programu kwa kuzitengenezea asasi za hisani mifumo ya kompyuta, nayo imenigusa. Dodoma vijana waliosoma kompyuta tunao, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kina ndaki nzima ya fani hiyo. Wanachokosa ni kazi halisi na fundi mzoefu wa kuwaelekeza. Ombi langu: kabla hawajagusa kompyuta, wapelekwe wilaya za Bahi au Chamwino wakakae na mhudumu wa kituo cha watoto. Watamkuta na kaunta buku lake la majina ya watoto, aliyehama kakatwa kwa kalamu nyekundu, namba ya simu ya bibi imebanwa pembeni. Mfumo usio na nafasi ya maelezo ya pembeni hautatumika, mhudumu atarudi kwenye daftari lake. Na wengi kule wana kitochi, hivyo menyu ya kubonyeza namba itawafaa kuliko programu ya simu janja. Taarifa za watoto nazo zilindwe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022. Halafu jamani, wanagenzi wapewe nauli na chakula! Wafadhili waliweke hilo kwenye bajeti mapema, pamoja na fungu la kuutunza mfumo mafunzo yakiisha.