Kijijini Pia Watu Hupanga Nyumba

Wiki iliyopita, kwenye kikao cha mambo ya makazi hapa Mombasa, bwana mmoja alisimama akasema huko vijijini nyumba za kupanga hazina haja, maana kila mtu ana boma la babake. Watu wakaitikia. Mimi nilishindwa kukaa, nikatoka nje kabla ya chai.

Boma la babake nani? Hii ni Pwani. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwataka watu waje kudai na kuandikisha ardhi ya ukanda wa maili kumi, na Wamijikenda wengi waliokuwa wakiilima wakaishia mikono mitupu. Vitukuu wao mpaka leo wanaitwa maskota, yaani wakaaji wasio na hati, kwenye mashamba ya watu wasiowahi kuwatia machoni. Mjini nako tumezoea nyumba bila shamba: kuta zako, paa lako, ardhi ya mwingine, na kodi ya ardhi lazima uilipe. Ukimwambia mtu wa hali hiyo kwamba ana boma la babake unamtonesha kidonda.

Halafu wako wageni. Mwalimu aliyeletwa kutoka bara, muuguzi wa zahanati, vijana wa machimbo ya mawe, mwanamke aliyepewa talaka na kwao ndugu wameshagawana vyumba vyote. Hawa wanapanga, na wanapanga kwa dhiki. Mwalimu mmoja ninayemjua wa huko Mwakirunge, kijiji cha pembezoni mwa Mombasa, analala mtaa wa Kiembeni kwa sababu karibu na shule hakupata chumba chenye mlango unaofungika. Bodaboda asubuhi, bodaboda jioni, na mvua ya Mei ikianza barabara inakuwa tope tupu, watoto wanakaa darasani wanamngoja.

Huko huko Mwakirunge nimeona watu walioacha kungoja. Kikundi cha kina mama na vijana kinajenga vyumba sita vya kupangisha kwa bei ya chini, vitatu upande huu na vitatu upande ule, ukumbi katikati, kama nyumba zetu za Kiswahili. Fundi analipwa, wengine wote wanajitolea kila Jumapili. Nilimkuta bi mmoja wa makamo, kanga kaifunga kiunoni, ameteremsha timazi ukutani na kuinama kuitazama. Akamwita fundi: "Mwanangu, jiwe hili limetoka nje." Fundi akabisha. Bi akashika kamba isitikisike, akamwambia aje aone mwenyewe. Lile jiwe likatolewa, udongo wa saruji ukakwanguliwa, likawekwa upya. Chumba hicho si chake na wala hatakaa humo.

Basi nikamuuliza mwenyekiti wao swali moja: shamba limeandikwa jina la nani? Akanijibu kwamba ni la mzee, na mzee amewapa kwa moyo safi.

Hapo ndipo ninapotaka tuelewane, ndugu zangu. Moyo safi wa mzee haurithiwi. Kiwanja hicho leo ni cha bei rahisi kwa sababu barabara ni mbaya na jaa la taka haliko mbali. Siku lami ikifika, dalali atafika nayo. Mzee akiwa ameshatangulia mbele ya haki, wanawe watakuwa na hati mkononi na kina mama watakuwa na kumbukumbu ya jasho lao. Vyumba vitauzwa, au kodi itapandishwa mpaka mwalimu arudi Kiembeni, na itakuwa vigumu kumpata hakimu atakayewasikiliza kwa sababu ya Jumapili walizobeba karai. Kodi nafuu haitoki kwenye bei ya saruji tu. Inatoka kwenye ardhi isiyoweza kuuzwa, na kikundi chochote cha kujitolea kinachoanza na msingi kabla ya karatasi kinamjengea mrithi wa mtu.

Wala hili si jambo geni kwetu. Mji wa Kale tuna nyumba za wakfu, na mtoto wa madrasa anajua kwamba mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Malalamiko ya wakfu kuliwa na wasimamizi tumeyasikia sote, na yanauma, lakini angalau kuna kitu cha kulalamikia mbele ya sheria. Asiye Muislamu naye ana njia ya wadhamini walioandikishwa. Pale Voi, mtaa wa Tanzania-Bondeni, wakazi walichagua njia ya namna hiyo miaka ya 1990: ardhi iwe ya wote, kila mtu amiliki nyumba aliyoijenga juu yake. Uruguay, chini ya sheria yao ya nyumba ya mwaka 1968, kuna vyama vya ushirika ambavyo kila familia hutoa saa 21 za kazi kwa wiki wakati wa ujenzi, na nyumba zinabaki mali ya chama.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kujitolea kunachosha na vyumba sita si kitu mbele ya shida ya wilaya nzima. Serikali ndiyo yenye nguvu. Lakini mwalimu yule naye anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya mpango wa serikali wa nyumba nafuu, mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho, na ghorofa zinazotangazwa ni za mjini, za kununua kidogo kidogo. Chumba cha kupanga karibu na shule yake hakimo kwenye ramani hiyo.

Kuta za Mwakirunge zimefika kwenye madirisha. Mzee yu hai, akili timamu, na mwenyekiti anasema yuko tayari kutia sahihi. Waitwe wanawe wote waliotawanyika, wakae naye ukumbini humo, wasikie kwa masikio yao na watie sahihi pamoja naye. Iandikwe kwamba ardhi haiuzwi, kwamba kodi inapangwa na mkutano, na kwamba wapangaji wana viti kwenye kamati. Wanachokosa ni mtu wa kuiandika sawasawa. Kama wewe ni wakili wa mambo ya ardhi na uko Mombasa, njoo Jumapili hii tufuatane, kabla hawajaanza kununua mabati.