Uzamivu si Uzamiaji

Aliyetuletea neno uzamivu kwa ajili ya PhD alikuwa na jicho. Kuzamia ni kushika pumzi na kwenda chini kutafuta lulu pale ambapo wengine wanaona maji tu. Tatizo ni kwamba vijiwe vya Dar vilikwisha kulipatia neno hilo kazi nyingine: mzamiaji ni yule anayejipenyeza bandarini usiku, akajibanza ndani ya meli asiyojua inakwenda wapi, na akiamkia Durban au Piraeus kwake ni mamoja. Kila mwaka ikifika Septemba vijana wahandisi wananitumia maombi yao ya PhD niyapitie, na karibu yote yameandikwa na mzamiaji wa aina ya pili. Sisemi kwa kuwacheka. Mimi mwenyewe nilirukia meli sitini na tatu.

Nilizihesabu baadaye, nikiwa nimepoa. Barua pepe sitini na tatu kwa maprofesa wa nchi kumi na moja, zote ndani ya mwezi mmoja, zote na kichwa kimoja: Ombi la Usimamizi wa PhD. Nilikuwa nimetoka kumaliza miaka mitatu ya mafunzo kwa vitendo ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, nina muhuri wangu, nina kiburi kidogo. Kila barua ilisema nimevutiwa mno na kazi zako za kitaalamu. Sikuwa nimesoma hata moja. Kati ya waliojibu yuko mmoja nisiyemsahau, alijibu kwa mstari mmoja: jina uliloandika hapo juu ni la mtu mwingine. Nilikuwa nimenakili na kubandika nikasahau kubadilisha jina.

Barua ya kujieleza nayo ilikuwa kituko. Ilianza kwa kusema kwamba tangu utotoni nimeyapenda madaraja. Mimi nimekulia Kibaigwa, penye mahindi na vumbi. Daraja la maana nililiona kwa mara ya kwanza nikienda kuanza kidato cha tano. Lakini ndivyo tulivyoambiana, kwamba wazungu wanapenda historia ya utotoni. Nimeshasoma barua za wenzangu ambazo ukizipanga mezani huwezi kujua ipi ya nani: wote waliyapenda madaraja, wote wanataka kuleta maendeleo ya taifa, wote wako tayari kufanya utafiti katika eneo lolote ambalo profesa ataona linafaa. Hilo neno "lolote" ndilo linalomuua mwombaji. Kwake ni unyenyekevu. Kwa msomaji wa upande wa pili ni mtu anayeomba kupakiwa tu.

Swali langu sikulipata maktaba. Nililipata saiti, kwenye mpando mmoja wa barabara ya Tunduma, tukipima ubovu wa lami. Tulikuwa na fundi sanifu mmoja mzee, mtu wa maneno machache, kazi za barabara anazijua kuliko nitakavyozijua mimi. Akachuchumaa, akalaza mbao ya kunyooshea juu ya lami upande wa kupanda, mwanga ukapita chini yake. Magari yalikuwa yameibonyeza lami ikafanya mifereji miwili, kila mmoja upana wa tairi pacha. Akahamia upande wa kushuka, akalaza mbao ileile, ikatulia.

"Injinia," akasema, "lami si ileile? Siku ya kumwagwa si ileile?"

Nikamjibu haraka, kama injinia: "Mzee, yanayopanda yana mzigo kutoka bandarini."

Akacheka. "Na shaba ya Kongo inayoshuka, hiyo ni pamba?"

Nilikaa kimya mpaka jioni. Jibu la kitabuni lipo, na nilipaswa kulijua: lami haina tabia ya jiwe. Ukiipiga ghafla ni ngumu, ukiikalia inalegea, kama asali. Semi yenye ekseli saba inayopanda kwa mwendo wa kinyonga inaikalia lami muda mrefu kuliko ileile ikiwa kwenye tambarare, na jua la saa saba mchana linamalizia kazi. Hadi hapo hakuna jipya. Lakini alichouliza yule mzee kilikuwa na mkia: inalegea kiasi gani, kwa mwendo upi, kwa lami yetu na kokoto zetu, na kwa nini mchoro wa barabara unaupa mpando na tambarare unene uleule wa tabaka? Hapo nilinyamaza kwa sababu sikuwa na jibu, na niliowauliza ofisini hawakuwa nalo.

Nikaanza kusoma, mara hii kwa kutafuta kitu. Kanuni tunayotumia kukadiria jinsi ekseli nzito inavyochakaza barabara chimbuko lake ni majaribio ya AASHO, chama cha maofisa wa barabara kuu wa majimbo ya Marekani, yaliyofanyika Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani, kuanzia 1958 hadi 1960. Wanajeshi walizungusha malori kwenye vipande vya barabara vya majaribio mpaka ekseli zikapita zaidi ya mara milioni moja. Ndiko ilikotoka ile kanuni ya nguvu ya nne, kwamba uharibifu haupandi sambamba na uzito bali unapaa mbali zaidi yake. Mwongozo wetu wa usanifu wa barabara wa 1999 unatumia kipeo cha 4.5 badala ya hicho cha nne. Piga hesabu mwenyewe: ekseli ikizidisha mzigo kwa asilimia 20, uharibifu unazidi maradufu. Dereva anayelalamika kwenye mzani wa Vigwaza kwamba ameonewa kwa tani mbili tatu hajapiga hesabu hiyo.

Sasa, Ottawa ile ardhi huganda wakati wa baridi. Udongo wa chini uliojaribiwa ulikuwa wa aina moja. Na malori yalikuwa ya miaka ya hamsini. Sisi tuna lami ambayo adhuhuri inaweza kupita nyuzi 50, na sheria ya Afrika Mashariki inayoruhusu gari la tani 56. Hakuna aibu kutumia kanuni ya Illinois, dunia nzima imeitumia. Ninachokataa ni yule kijana anayeniambia eti amekosa mada ya utafiti kwa sababu kila kitu kimeshafanywa Ulaya.

Mwaka uliofuata niliandika barua nne tu. Kila moja ilikuwa na aya mbili: nimeona hiki mahali fulani, nimesoma makala yako ile ukasema hivi kuhusu muda wa mzigo, nadhani kwenye mpando na joto letu hali inaweza kuwa tofauti, je, nimekosea wapi? Nikaambatanisha picha ya ile mbao. Wawili walijibu ndani ya wiki moja. Mmoja aliniambia nimekosea karibu kila mahali, akanieleza kwa nini, na huyo ndiye aliyekuja kuwa msimamizi wangu. Tuliandikiana karibu mwaka mzima kabla sijajaza fomu yoyote.

Watu wengi wanaanzia kwenye fomu. Wanajua tarehe za mwisho za vyuo ishirini lakini hawajui kwamba mlango wa kila nchi unafunguka kivyake. Ujerumani, kwa njia yao ya kale, unampata profesa kwanza, chuo kinafuata, na huyo msimamizi wanamwita baba wa udaktari. Uholanzi na Sweden nafasi ya uzamivu ni ajira kamili: inatangazwa, unaitwa kwenye usaili, unalipwa mshahara na unakatwa kodi, ukipeleka barua ndefu ya kuomba msaada wa masomo wanakushangaa, maana unaomba msaada pale wanapotafuta mfanyakazi. Marekani dirisha hufungwa karibu na Desemba, unaweza kuingia na shahada ya kwanza tu, kamati ndiyo inachagua, lakini fedha mara nyingi zinatoka kwenye mradi wa profesa mmoja, kwa hiyo asipokuwepo wa kusema "huyu namtaka" ada yako ya maombi imekwenda na maji. Uingereza wanataka andiko la utafiti mapema, na ada ya mgeni ukiiona bila ufadhili unafunga kompyuta unakwenda kulala. Pale ndipo udhamini wa Jumuiya ya Madola umewabeba wengi.

Kuhusu GPA, yaani wastani wa alama za chuo, ambao kwetu unaishia 5, nitasema kinachowaudhi walimu wangu. Tumelelewa na 3.8, kwa sababu bila hiyo chuo hakikuchukui kuwa mkufunzi msaidizi, tukaamini dunia nzima ina ukuta uleule. Alama zinasomwa, sikatai, na ukiwa na 2.7 utatoa maelezo. Lakini katika uhandisi nimewaona wenye 3.3 waliokaa miaka minne saiti wakawapita wenye 4.5 ambao hawajawahi kuona zege likikataa kukauka. Mwenye 4.5 alijibu vizuri maswali ya watu wengine. Uzamivu unataka mtu mwenye la kwake.

Kisha kuna wadhamini, wale wanaokuandikia barua ya kukupendekeza. Hapa nina kinyongo. Nilimfuata mhadhiri wangu wa zamani, nikasimama nje ya ofisi yake siku tatu, ya nne akaniambia: andika mwenyewe, niletee nisaini. Sikujua hata nijisifie wapi. Niliandika kwamba mimi ni mchapakazi na mwaminifu, kama tangazo la mlinzi wa usiku, naye akasaini bila kusoma. Najua wahadhiri wetu wamezidiwa, darasa moja lina watu mia na zaidi na barua za namna hiyo hazilipwi. Hata hivyo barua iliyoandikwa na mwombaji inajulikana kwa harufu. Nilipoomba mara ya pili, mdhamini wangu wa kwanza alikuwa mhandisi mshauri niliyefanya naye kazi. Alieleza jinsi nilivyokataa kupitisha shehena ya kokoto na mkandarasi akaninunia wiki nzima. Msimamizi wangu aliniambia baadaye kwamba hicho ndicho kipande alichokisoma mara mbili.

Mama yangu alipouliza nakwenda kusomea nini, nikamwambia udaktari wa barabara. Akafikiri kidogo. "Kwani zinaumwa?" Nikamwambia ndiyo, mama, zinaumwa.

Kuna dharau nyingine tunayojifanyia wenyewe: anayesoma PhD nyumbani tunasema amekwama. Sikubaliani. Kama swali lako linahusu maji yenye floraidi ya miteremko ya Meru, kuna taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, Arusha, inayofundisha uzamili na uzamivu, na maji yenyewe yako nyuma ya ukuta. Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wana ndaki ya uhandisi yenye mizizi ya tangu 1973. Juja, Kenya, Chuo Kikuu cha Afrika (Pan African University) kinatoa uzamivu wa uhandisi kwa ufadhili wa Umoja wa Afrika, na ajabu ni kwamba vijana wengi ninaokutana nao wanaijua Toronto kuliko Juja. Sifichi upande wa pili: kuna mashine ya maabara inayoharibika ukasubiri kipuri miezi sita, na kuna wanaofundisha vipindi vyote vya idara huku wakidaiwa sura ya tatu ya tasnifu. Ndiyo maana mimi nauona mpango wa kuchanganya, sampuli huku na maabara kule, kuwa ndio wenye akili zaidi kwa mtu mwenye familia.

Na kwenda mbali si kosa, mradi ujue unakwenda kufuata nini. Askwar Hilonga, mtoto wa kijiji cha Gongali, Karatu, alisoma uzamivu Korea Kusini katika nanoteknolojia, teknolojia ya chembe ndogo mno, akairudisha elimu hiyo kwenye maji ya kwao kwa chujio la mchanga lenye chembe za nano. Mwaka 2015 chujio hilo lilishinda tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Meli ya Korea alipanda kwa mlango wa mbele.

Mwezi uliopita kijana mmoja kutoka Mbeya aliniletea andiko lake: matumizi ya akili mnemba katika miundombinu ya Afrika. Kurasa kumi na mbili. Nikamuuliza, dogo, Afrika ipi? Akanitazama. Nikamuuliza nyumbani kwenu kuna nini kinachobomoka. Akasema kuna kalavati moja njia ya kwao ambayo kila masika inabebwa na maji, inajengwa palepale, kipenyo kilekile, inabebwa tena. Baba yake ameshaiona ikijengwa mara nne. Nikamwambia aziache zile kurasa kwangu, aende akaitazame.

Juzi amenitumia picha. Yuko ndani ya korongo, maji ya magotini, ameshika futi ya fundi ukutani kwenye alama ya tope la mwaka jana. Alama iko juu ya kichwa chake. Chini ya picha ameandika: "Kaka, hiki kipenyo walikitoa wapi?"